Namba Iliyohama

Kosa lilikuwa la Fundi Miwani, na mtu asihangaike kumtafutia mshirika. Mwenyewe alilikiri mbele ya daktari, mbele ya shemeji yake, na mbele ya mgonjwa wa kitanda cha jirani ambaye hakuhusika wala hakuulizwa. Kwa wiki tatu nzima alimtibu ndugu yake wa tumbo moja kwa miwani, na ndugu yake hakuwa mgonjwa wa macho.

Si kwamba Fundi alikuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na stashahada ya kazi hiyo, aliitundika ukutani juu ya kioo, imepinda kidogo, na kila aliyemwambia imepinda alimjibu kwamba basi macho yako mazima, rudi nyumbani. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kile chumba kimoja chenye chati ya herufi upande huu na mashine ya kusaga lenzi upande ule, na jicho lake lilikuwa jepesi kuliko mkono wake. Mteja akivuka kizingiti, kabla hajasalimia, Fundi ameshajua huyu haoni mbali au haoni karibu, na kama fremu aliyoivaa ni yake au ameirithi kwa marehemu. Lakini wahenga hawakukosea. Mganga hajigangi, na mara nyingine hata ndugu yake hamgangi.

Huyo ndugu ni mdogo wake, mchomeleaji wa mageti na madirisha, anayeitwa Cheche kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake pia. Alikuja dukani Jumatatu moja, ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba nazi asiyoiamini. Akasema kichwa kinamgonga siku ya tisa sasa, na mwanga unamchoma. Fundi hata hakuinua uso kutoka kwenye fremu aliyokuwa akikaza skrubu. Mchomeleaji kulalamika macho ni kama mwoshaji wa magari kulalamika maji. Akamwambia wewe unachomelea bila kinga, unaufumbia jicho moja ule moto kama unautongoza, halafu umeshapita miaka arobaini, umri wa kutafuta miwani umefika, acha ujana. Akamkalisha kwenye kiti, akampima huku wakicheka na mteja mwingine aliyekuwa akingoja, akaandika namba ya lenzi kwenye kadi, akamsagia lenzi siku ileile. Cheche akajitazama kwenye kioo akasema sasa amekuwa kama mwalimu mkuu, akaondoka nazo.

Baada ya siku nane akarudi. Kichwa hakijapoa, na asubuhi akiamka anatapika. Alikuwa na maelezo yake: rangi ya kupulizia mageti ina harufu kali mwezi huu, wamebadilisha aina. Fundi akampima tena, na hapo ndipo angesimama.

Kwenye kazi yao kila mteja ana kadi, na namba huandikwa kwa penseli, tarehe pembeni. Namba ya mtu mzima huhama kama kobe. Itachukua mwaka, miwili, isogee robo. Namba ya Cheche ilikuwa imekimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Fundi aliitazama ile kadi muda mrefu. Alimkumbuka mwalimu wake wa chuo, mzee mmoja mkali mwenye koti la vumbi la chaki, aliyekuwa akiwaambia kila wiki kwamba namba ikihama haraka usiifukuze, achana na miwani, mpeleke mgonjwa kwa daktari, maana tatizo haliko kwenye jicho, liko nyuma ya jicho. Alilikumbuka neno kwa neno. Halafu akajiambia kwamba siku ile ya kwanza alipima huku anacheka, kwa hiyo aliyekosea ni yeye. Akachukua kifutio, akaifuta namba ya zamani, akaandika mpya palepale juu yake.

Mara ya tatu Cheche alikuja amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. Akilifungua anaona viwili viwili: milango miwili, chati mbili, kaka wawili, na wewe mmoja tu, alisema, unatosha kunimaliza. Jicho lile lilikuwa limeelekea puani na halikutaka kurudi. Fundi akakata karatasi ya gundi, akaibandika kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Cheche akavaa, akaona mlango mmoja, akafurahi, akamkumbatia kaka yake mpaka fremu ikapinda. Hilo ndilo lililokuja kumuuma Fundi kuliko mengine yote, kwamba ilisaidia. Namba nayo ilikuwa imehama tena, na kifutio kikafanya kazi tena.

Na kuna jingine. Fundi alijua kwamba Cheche anaishi na virusi vya Ukimwi. Miaka sita alijua, yeye ndiye aliyemsindikiza kliniki siku ya majibu, na alikaa naye kwenye benchi mpaka miguu iliporudi kumbeba. Kwa hiyo siku ile ya karatasi ya gundi alimuuliza, kama kwa mpito, dawa unakunywa? Cheche akajibu nakunywa kama maji. Basi, yakaisha. Kuna maswali ambayo ndugu huuliziana mara moja tu, kwa sababu ukiuliza mara ya pili umeshamwita mwenzako mwongo.

Siku ya Alhamisi bosi wa karakana anakochomelea Cheche akapiga simu. Cheche alikuwa ametumwa kwa mteja kurekebisha bawaba ya geti. Aliifanya kazi vizuri mno, mshono umenyooka, hauna kovu. Ila alilichomelea geti lote kwenye nguzo zake, kulia na kushoto, juu mpaka chini, gari la mwenye nyumba likiwa ndani. Halafu akakaa chini kando yake akawauliza watu yeye ni fundi wa nani. Walipokuwa bado wanabishana wacheke au wakasirike, akaanguka, mwili ukawa unatikisika.

Fundi alimkuta hospitali, kitanda cha tatu kutoka dirishani, pazia limebaki na ndoano nusu. Mke wa Cheche alishafika, kaptura ya kazi ya mumewe ameikunja mapajani kama mtoto mchanga. Daktari alikuwa binti mdogo, sikio moja la miwani yake limefungwa uzi, na mkono wa Fundi ukawasha kutaka kuirekebisha. Alimwinamisha Cheche shingo, shingo ikakataa. Akamtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kijikaratasi, wakangoja kama dakika kumi, ikatokea mistari miwili. Akawavuta pembeni akawaeleza kwa sauti ya chini. Ile mistari miwili maana yake huu ni ugonjwa wa kuvu. Kuvu kama hawa wamo kwenye vumbi, kwenye kinyesi cha njiwa, sote tunawavuta na hawatufanyi kitu. Lakini kinga ya mtu ikishashuka sana, hupanda mpaka kwenye utando wa ubongo, wakaota huko, na maji yanayozunguka ubongo yakakosa pa kutokea. Ndiyo hicho kichwa, ndiyo hayo matapishi, ndiyo hilo jicho.

Mke wa Cheche akasema kinga haiwezi kuwa imeshuka, mume wake anakunywa dawa, anaziweka kazini kwa sababu ya wageni wa nyumbani, anakunywa mchana na chakula. Daktari akafungua daftari la kliniki. Mara ya mwisho Cheche kuchukua dawa ilikuwa miezi minane iliyopita.

Pale kwenye benchi alikuwa amekaa bosi wa karakana, aliyemleta kwa pikapu, mtu mnene mwenye huruma ya kweli. Kwa kutaka kuwafariji akasema huyu bwana mwaka huu ameandamwa, maskini, amezika shangazi wanne. Fundi akamwangalia. Wao wana shangazi wawili, na wote wazima, mmoja aligombana naye juzi tu kwa simu. Hapo akaelewa. Siku ya kliniki ni siku ya kazi. Kila mwezi bosi anauliza unakwenda wapi, kila mwezi Cheche anamzika mtu, na mwezi wa tano aliona aibu kumwua shangazi mwingine. Uongo ulimwishia, na dawa nazo zikaisha. Bosi hakuelewa kwa nini ndugu wa mgonjwa amecheka, wala kwa nini kicheko kimegeuka katikati.

Daktari akasema dawa ipo, ya dripu na ya vidonge, ila kwanza lazima atoe maji ya mgongo. Sindano inaingia chini ya kiuno, kati ya pingili, mahali ambapo haigusi ule uti wenyewe. Inampa majibu, na zaidi ya majibu inapunguza ule mgandamizo kichwani. Bila hivyo dawa peke yake inaweza isimuwahi. Mgonjwa hajitambui vizuri, kwa hiyo mke atie sahihi.

Mke wa Cheche akairudisha karatasi bila kuisoma.

Hakuwa mwanamke wa kubisha hovyo. Alikuwa mkatisha tiketi wa kituo cha mabasi, kazi inayomfundisha mtu kusikiliza uongo wa kila aina bila kupandisha sauti. Akasema, kwa utulivu, kwamba yeye alishatia sahihi karatasi kama hiyo. Kaka yake, miaka minne iliyopita, walimtoa maji ya mgongo asubuhi, jioni walimfunika. Mama yake hadi leo anamtazama mkono wa kulia, ule uliotia sahihi. Maji ya mgongo yakitolewa, mtu hainuki, kila mtu anajua. Daktari alimjibu kwa upole kwamba watu huletwa wakiwa wameshachelewa, sindano inakuwa jambo la mwisho kufanyika, ndiyo maana inabebeshwa mzigo wa ugonjwa. Akasema atarudi baada ya nusu saa, na kwamba angependa isiwe zaidi ya hapo.

Fundi akamsogelea. Alimpenda shemeji yake, miaka yote walitaniana kama watani wa ukoo. Akaanza kwa maneno laini, kwamba daktari amesoma, kwamba mgonjwa ni wetu sote, kwamba tumwachie Mungu na sindano. Mwanamke akamsikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza abiria aliyepoteza tiketi.

"Shemeji," akasema, "wiki tatu ulituambia ni macho. Nilimwambia mwenzangu twende hospitali, akanijibu kaka kasema macho, kaka kasoma. Sasa unaniambia ni mgongo. Kesho utaniambia ni nini?"

Kwa mara ya kwanza Fundi aliona hasara yenyewe ilivyo: si wiki tatu tu alizozila, alikuwa amelila na neno lake. Leo angesema jua linachomoza mashariki, na huyu mwanamke angekuwa na haki ya kutoka nje kuhakikisha.

Angeweza kunyamaza. Cheche angeendelea kukoroma kule kitandani, watu wangesema ugonjwa mbaya, na hakuna ambaye angeijua ile kadi. Funika kombe. Lakini kadi alikuwa nayo, kwenye mfuko wa shati. Aliichukua dukani wakati anatoka mbio bila kujua anaichukulia nini. Akaitoa, akaiweka juu ya ile kaptura iliyokunjwa.

"Tazama hapa palipochubuka," akamwambia. "Si penseli mbaya. Nimefuta. Mara mbili."

Akamweleza yote, mbele ya daktari aliyekuwa ameshaanza kurudi na mbele ya yule mgonjwa wa jirani aliyejifanya amelala. Kwamba namba ilihama na akaiona imehama. Kwamba alifundishwa darasani maana yake na akaikumbuka. Kwamba hakutaka kumwambia Cheche nenda hospitali, kwa sababu hospitali wangeuliza habari za dawa, na yeye angepaswa kuuliza mara ya pili. Ikawa rahisi kusaga lenzi. Miwani anaijua. Miwani haimwaibishi mtu. Jino la pembe alilipachika penye pengo, akalisifu kwamba linang'aa.

"Kwa hiyo usinisikilize mimi," akasema. "Mimi nimeshakosa haki hiyo. Msikilize huyu binti. Lakini usimkatalie yeye kwa kosa langu."

Mke wa Cheche aliitazama kadi, akapitisha kidole pale palipochubuka. Halafu akamwuliza daktari, siyo Fundi, kama zile wiki ambazo kaka yake naye aliumwa kichwa kabla ya kuletwa zilijalisha. Daktari akamwuliza aliumwa ngapi. Akasema tano. Mwanamke akaomba kalamu. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ikatoka imepinda kama ya mtoto wa chekechea, na hakuna aliyemwambia aandike upya.

Nesi, mwanamume wa makamo mwenye mikono ya mkandaji, alimwonyesha Fundi jinsi ya kumshika: Cheche alazwe ubavu, magoti kifuani, kidevu magotini, mgongo utoke nje kama upinde. Fundi akamkumbatia hivyo, uso kwa uso, pumzi ya mdogo wake ikimpiga shingoni, kali, yenye harufu ya homa. Hakuona sindano ikiingia. Aliona mrija mwembamba wenye alama, kama rula, ambao daktari aliusimamisha juu yake. Maji yakapanda. Yalikuwa meupe, safi, ungemwekea mgeni mezani. Yakapita alama ya kwanza, ya pili, Fundi akawa anayafuata kwa jicho kama alivyofuata namba maisha yake yote, yakafika juu kabisa ya mrija, yakafurika, yakadondoka kwenye shuka. Daktari akavuta pumzi. Akaanza kuyakinga kidogo kidogo kwenye chupa.

Haikupita saa, Cheche akafumbua macho.

"Nani kazima ile mashine ya kichwani?" akauliza.

Mkewe akainama akaweka paji lake la uso kwenye mkono wa mumewe. Cheche akataka chai, akataka kujua geti limekuwaje, na alipoambiwa alilifunga gari la mtu ndani alifikiri kidogo akasema basi haliibiwi. Hata nesi alicheka. Fundi akatoka nje ukumbini akalia akiwa amegeukia ukuta, kwenye kona ya ndoo za usafi, akarudi akiwa ameshatengeneza uso.

Siku zilizofuata zilikuwa za dripu. Ile dawa ilimtetemesha Cheche mpaka kitanda kikawa kinatembea. Walimfunika mablanketi mawili, likaongezwa koti la Fundi. Kila siku sindano ya mgongo, kila siku mrija, na kila siku maji yalisimama chini kidogo kuliko jana. Daktari alisema kama wakienda hivi, roho itakuwa wameiokoa. Dawa za virusi zitangoja wiki kadhaa, ukizianzisha mapema mwili unachanganyikiwa. Bosi wa karakana alikuja na matunda, akapewa ukweli wa wale shangazi, akasema tu kwamba angejua angempa siku yenyewe, siku moja kwa mwezi ni nini. Akaondoka akiwa amekasirika, haikujulikana kamkasirikia nani.

Lakini Fundi alikuwa na jicho jepesi, na safari hii hakuwa na kifutio.

Siku ya tatu aliona kwamba Cheche hageuki mtu akiingia mpaka asikie sauti. Siku ya nne aliona akinyoosha mkono kuchukua kikombe, na mkono ukapita kando ya kikombe kwa upana wa kiganja. Mkewe alikuwa ameshajua. Alikuwa akikiweka kikombe mkononi mwa mumewe na kumkunjia vidole juu yake, haraka, kabla mtu hajaona, huku akiongelea mambo ya kituo cha mabasi. Cheche naye alikuwa anasema asante na kuchekelea. Wote watatu wakawa wanalizunguka lile jambo kama watu wanaozunguka shimo njiani usiku, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye hajalijua.

Fundi alimfuata daktari mpaka kwenye meza yake. Daktari akamwambia mshipa wa jicho ukibanwa siku nyingi unachoka. Mwingine hurudi, mwingine haurudi, mwingine hurudi nusu, na kwamba kwanza maisha, macho baadaye. Fundi akauliza, wiki tatu kabla ingekuwaje. Yule binti akavua miwani yake yenye uzi, akaifuta kwa pindo la koti, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akasema swali hilo halimsaidii mgonjwa.

Asubuhi ya siku ya sita jua liliingia dirishani likakaa juu ya kitanda cha tatu. Cheche alikuwa ameegemea mto, amenyolewa, uso umempungua lakini ni wake. Macho yalikuwa wazi, yameelekea ukutani, hayaukwepi mwanga. Mkewe alikuwa anakunja shuka upande wa miguuni. Nesi alikuwa anabadilisha chupa ya dripu.

Fundi akavuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Miaka ishirini na miwili alikuwa akianza kazi kwa sentensi hiyohiyo, kwa wazee, kwa madereva, kwa watoto wa shule, na hakuwahi kuogopa jibu. Akainua mkono kwenye lile jua, mbele ya uso wa mdogo wake, karibu kabisa.

"Cheche," akasema. "Nimenyoosha vidole. Niambie vingapi."

Cheche aligeuza uso kufuata sauti. Mke wake aliacha kukunja, shuka ikabaki hewani imeshikwa kwa ncha mbili. Nesi akawa kama ameona kitu kwenye mrija wa dripu, akauinamia.

"Bahatisha tu, mdogo wangu. Hata ukikosea si kitu," Fundi akasema. "Niambie ni vingapi."